Wiki Niliyokatazwa Kukanyaga Namuwongo

Nyumba ya yaya wangu ilikuwa ya mbao na mabati, chumba kimoja na kibaraza, kule Namuwongo chini kabisa, mahali ambapo reli iko nyuma yako na mfereji uko mbele yako. Kwetu Bukavu dada mkubwa tunamwita yaya, na huyu wangu ndiye aliyenilea. Nyumba hiyo aliijenga mwenyewe, ubao leo, bati mwezi ujao, tangu alipoingia Kampala. Wiki ninayoisimulia hapa ndiyo wiki aliyoipoteza, na niseme mapema kwamba bado nina hasira. Watu huniambia, mwalimu, yamepita hayo, tulia. Sitaki kutulia. Anayetaka kutulia atulie yeye.

Mimi nafundisha Kifaransa katika shule moja ya Kansanga, na mchezo wangu ni mbio za ramani. Wengi hawaujui, basi nieleze mara moja tuendelee. Unapewa ramani na dira. Kwenye ramani kuna vituo, na kila kituo ni kitambaa chenye pande tatu, rangi ya chungwa na nyeupe, kina namba yake, kimetundikwa mahali fulani: kona ya ukuta, kichwa cha daraja, mti uliosimama peke yake. Njia huonyeshwi. Unaamua mwenyewe upite wapi, unakimbia, unafika, unatoboa kadi yako kwa kibanio kinachoning'inia hapo, unaelekea kituo kinachofuata. Anayevipata vyote upesi kuliko wengine ndiye mshindi.

Aliyeniingiza ni mwalimu mwenzangu wa jiografia, mtu wa hapahapa Kampala, mpole, mwenye miguu mirefu na maneno machache. Yeye ndiye aliyeanzisha klabu yetu na yeye ndiye aliyekuwa akipanga vituo. Yaya wangu tangu siku ya kwanza aliucheka mchezo huu. Nilikuwa nikimweleza huku yeye anachambua sombe, majani yetu ya muhogo, na kila mara aliniuliza swali lilelile: sisi tulipotea porini bila kupenda, tukaomba Mungu atutoe, na wewe leo unavaa viatu vizuri ukapotee kwa kupenda? Nilikuwa nikicheka. Alikuwa hasikilizi hata nusu ya ninayoeleza, na mimi nilijua kuwa hasikilizi.

Sasa, mchezo huu una sheria mbili ambazo lazima zieleweke. Ya kwanza: eneo la mashindano likishatangazwa, linafungwa kwa wakimbiaji. Hukanyagi huko mpaka siku yenyewe, usije ukalizoea ukawazidi wenzako. Ya pili: ni mwiko mkimbiaji kuambiwa kituo kiko wapi. Akiambiwa, hata kwa bahati mbaya, anajitoa. Sheria nzuri hizi. Nilizipenda. Mtu aliyekulia kwenye nchi ambayo mwenye bunduki ndiye mwenye sheria hupenda sana kukuta mahali ambapo watu wazima wanatii sheria bila ya mtu kuwasimamia.

Wiki ile mwalimu wa jiografia alitangaza kwamba mashindano ya Jumapili yatakuwa Namuwongo. Alisema ni eneo gumu, zuri, vichochoro vingi, litatunoa. Nilimwambia dada yangu anakaa huko. Akasema basi wiki hii usiende kwake, na usikimbie upande huo. Nikasema sawa. Ona jinsi nilivyosema upesi: sawa.

Jumatatu nilipanda Muyenga. Mazoezi yangu ya Jumatatu ni hayo, kupanda mlima mbio na kushuka kwa kutembea, kupanda tena, mpaka magoti yanaanza kunung'unika. Huwa naanza kabla jua halijachomoza vizuri, kwa sababu jua likishatoka, na wanaume wa bodaboda wanatoka. Wanakaa kwenye pikipiki zao pale kona, mikono mifukoni, na kazi yao ni kunihoji. Nyabo, unamkimbia nani? Nyabo, panda nikupeleke, usijiue. Siku hiyo mmoja alinifuata na pikipiki taratibu kabisa, kando yangu, mlima mzima, akinihesabia kwa sauti kama mwalimu wa mazoezi, wenzake wakicheka kule chini. Mwanamke wa umri wangu akibeba ndoo ya maji kichwani kupanda mlima ule ule, hakuna anayemwangalia. Akipanda mikono mitupu kwa kupenda kwake, anakuwa sinema. Nilifika juu nikamgeukia nikamwambia kwa Kiswahili, kile cha ukali, kwamba mama yake akimwona ataona haya. Alitoa macho, akageuza pikipiki. Kampala bado kuna watu ambao Kiswahili kikali kinawakumbusha askari wa zamani, na mimi, Mungu anisamehe, siku nyingine nautumia ujinga huo.

Jumanne ni ya dira. Nilikwenda kwenye uwanja wa shule alfajiri, nikaweka mawe yangu kwenye nyasi, nikafanya kazi ya kutembea kwa mshale wa dira bila kuangalia ninakokwenda, kisha kuinua macho nione nimekosea kiasi gani. Kila mtu ana upande wake wa kupotelea. Mimi huvutwa kushoto, sijui kwa nini, kwa hiyo natakiwa kujirudisha kulia kidogo kila baada ya muda. Mwalimu wa jiografia alipita na kikombe chake cha chai, akasimama kuniangalia. Akasema nimekuwa mzuri, Jumapili naweza kuwashinda hata vijana. Nilifurahi siku nzima. Nilifundisha vitenzi nikitabasamu, wanafunzi wakashangaa.

Jumatano jioni yaya akanipigia simu.

Nilikuwa nimekaa chini, ramani ya zamani mbele yangu, nafanya zoezi la kusoma mistari ya miinuko. Aliniuliza habari ya kazi, akaniuliza kama nimekula. Yaya wangu haanzi jambo bila kuuliza kama umekula. Kisha akasema, "Mdogo wangu, leo nimetoka sokoni nikakuta watu wamepita hapa. Watoto wanasema walikuwa na karatasi, wanapima. Wameweka kitu kwenye nyumba."

Nikamkatiza. Nilimkatiza kwa haraka, hata kidole nikakinyoosha hewani kana kwamba ananiona. "Yaya, usiniambie. Usiniambie hata neno moja. Sitakiwi kusikia."

Akasema, "Unajua, basi."

"Ninajua, ndiyo. Ni mambo ya Jumapili."

"Jumapili kuna nini?"

"Watu watakuja huko. Wengi. Yaya, tafadhali, tusiongee haya."

"Basi njoo kesho tuongee uso kwa uso."

"Siwezi. Wiki hii nimekatazwa kukanyaga huko mpaka Jumapili."

"Nani amekukataza?"

"Wakubwa."

Nilisema wakubwa. Kwa mzaha, nikimaanisha mtu mmoja mwenye kikombe cha chai. Na bado sioni kwa nini nibebeshwe mzigo huo peke yangu, maana mtu mzima mwenye jambo zito hulisema. Angesema: wameweka namba kwenye nyumba yangu, ninaogopa, je, tunafukuzwa? Ningeruka. Ningevunja sheria zote nikafika kwake na ndala. Lakini yaya hasemi hofu yake kwenye simu. Alijifunza hivyo kule kwetu, miaka ile ambapo neno moja kwenye simu lilikuwa linaleta watu mlangoni. Alisema tu, "Haya, mdogo wangu. Lala salama." Nami nikarudi kwenye mistari ya miinuko, nikijiona mtu mwaminifu sana.

Kilichotokea kwake mchana ule nilikuja kukijua baadaye, lakini nikiseme hapa, kisifichwe. Mwalimu wa jiografia alikuwa ametundika vitambaa vyake siku ile ile ya Jumatano. Kwa kawaida vinatundikwa siku moja kabla ya mashindano. Yeye alitaka Jumamosi yake iwe huru, alikuwa na harusi ya ndugu. Alipitia kwa mwenyekiti wa mtaa, akaomba ruhusa, mwenyekiti akakubali, akawatangazia watu waliokuwa karibu kwa Kiganda, na yaya wangu hakuwepo, na hata angekuwepo, Kiganda chake ni cha kununulia nyanya. Halafu mwalimu huyu akachagua kona ya nyumba moja katika safu nzima, kwa sababu ilikuwa kona nzuri, inaonekana ukishafika tu, haionekani ukiwa mbali. Akafunga kitambaa chake na namba yake, akaweka alama kwenye ramani yake, akaenda zake.

Yaya akarudi na kapu lake la sombe. Nyumba za jirani hazina kitu. Yake ina namba.

Wakazi wa kando ya reli wanajua namba ni nini. Wameshaona wenzao wakiandikiwa namba ukutani kwa rangi, na baada ya siku chache tingatinga likaja asubuhi watu wakiwa wanachemsha chai. Aliyengoja alipoteza kila kitu, mabati yakakunjwa pamoja na sufuria. Aliyebomoa mwenyewe mapema aliokoa mabati yake, na mwenye mabati anaweza kuanza tena mahali pengine. Huo umekuwa utaratibu wao. Hausemwi kwenye mkutano wala haukuandikwa popote, lakini ukiandikiwa namba unapanda juu ya nyumba yako na nyundo unaanza kung'oa misumari.

Alhamisi nilikwenda upande wa Ggaba, kwenye ukingo wa kinamasi, kufanya mazoezi ya kukimbia kwenye matope. Unakimbia ukichagua pa kuweka mguu, kila hatua ni uamuzi, na ukirudi nyumbani soksi zinanuka wiki nzima. Nilikuwa na nguvu za ajabu siku hiyo. Simu niliiacha nyumbani. Nilipoirudia nikakuta yaya amenipigia mara mbili, nikatabasamu. Nilifikiri, huyu ameona vitambaa, ulimi unamwasha, anataka kunisaidia nishinde. Nikamtumia ujumbe: Jumapili yaya, vumilia, Jumapili tutaonana.

Ijumaa nilipumzisha miguu. Sina la kusema juu ya Ijumaa, na hilo nalo linaniudhi.

Jumamosi nilikimbia kidogo asubuhi, mbio nyepesi tu za kuamsha mwili, nikapiga pasi fulana yenye namba yangu, nikafunga kamba mpya kwenye dira. Mchana mvua ilinyesha ile ya Kampala inayokuja yote kwa pamoja. Nilisimama mlangoni nikiangalia maji yakiteremka barabarani, nikawaza kwamba mfereji wa Namuwongo utajaa, kwa hiyo kesho itabidi nipitie kwenye vivuko na si kuruka. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiwaza wakati yaya wangu, kama nilivyokuja kuambiwa, amekaa chini ya turubai na magodoro yake.

Jumapili tulianzia juu, uwanja wa shule moja upande wa barabara kuu. Nilipewa ramani, nikaigeuza ikae kaskazini, nikaangalia miraba midogo myeusi, mamia yake, kila mraba nyumba, imebanana bila nafasi. Nikaanza vizuri. Niseme ukweli, nilikimbia siku ile kuliko siku yoyote maishani mwangu. Kituo cha kwanza, kwenye kichwa cha kalavati. Cha pili, nyuma ya choo cha soko. Cha tatu nilikipata kabla ya vijana wawili walionitangulia, nikawaona wakizunguka kama kuku, nikatoboa kadi bila kusimama vizuri.

Kituo cha nne kilikuwa chini, karibu na mfereji. Maelezo yalisema: kona ya nyumba, upande wa mashariki. Niliingilia upande wa reli, njia ambayo sijawahi kuipita, maana kwa yaya siku zote nafikia upande wa barabara. Nikavuka kivuko, nikahesabu vichochoro, nikakunja kulia.

Kitambaa kilikuwepo. Nyumba haikuwepo.

Kilikuwa kimefungwa kwenye nguzo mpya, mbichi bado, na mwanamume mmoja alikuwa anapigilia nyingine kando yake. Magunia ya mkaa yamepangwa. Nikaangalia ramani: nyumba. Nikaangalia mbele: nguzo nne na magunia. Mkimbiaji wa ramani akikuta hivyo, jambo la kwanza anajishuku mwenyewe, anasema nimekosea kichochoro. Nikaangalia dira. Nikaangalia kona ya mfereji. Nikaangalia namba ya kitambaa, ilikuwa yenyewe. Nikatoboa kadi. Ndiyo, nilitoboa, mkono ulifanya kabla ya akili. Na nilipoinama kutoboa ndipo nikaona kizingiti chini, kile cha saruji ambacho yaya alikipamba kwa vizibo vya soda siku ilipokuwa mbichi, vikajipanga kama maua. Mguu wangu ulikuwa juu yake.

Nilimuuliza yule mtu wa mkaa, mwenye nyumba hii yuko wapi. Akasema yeye amepewa mahali jana. Nani amekupa? Akanyoosha nyundo kumwonyesha mwenye kiwanja, mzee mmoja mnene aliyekuwa anakula muwa kwenye kiti cha plastiki, anasimamia.

Nikamwendea. Mzee huyu tulikuwa tunajuana, alikuwa akipokea kodi ya kiwanja kwa yaya kila mwezi, na kila mara aliniita mwalimu. Nikamuuliza yaya wangu yuko wapi na nyumba imekwenda wapi.

"Mimi hapana fukuza yeye," akasema. "Yeye iko nasema nahama. Mimi nasema sawa."

"Ulimwambia kitambaa hiki ni nini?"

"Mimi najua kitambaa? Chairman nasema ni ya watu ya mbio. Ya Sunday."

"Kwa hiyo ulijua."

"Yeye hapana uliza mimi."

Alijua. Alikaa kwenye kiti chake akitafuna muwa, akamwangalia mwanamke mtu mzima anapanda juu ya nyumba na nyundo, anang'oa msumari mmoja mmoja na kuunyoosha kwa jiwe ili usipotee, na neno moja, ni mchezo tu mama, hakuona haja ya kulitoa. Kwa sababu mtu wa mkaa angelipa zaidi. Nilimtukana. Sitaandika nilichosema, lakini nilikisema kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa Kimashi cha nyumbani, ambacho kwa matusi hakina mfano. Nilimwambia akirudi kitandani kwake ajue laana yangu imelala hapo. Watu wakajaa. Wale vijana wawili niliowapita wakafika, wakatoboa kadi zao polepole kwa adabu, wakaniangalia, wakaondoka wakikimbia. Mwenye kiwanja alitema makapi akageuza kiti upande mwingine.

Jirani mmoja akanishika mkono, akasema dada yako yuko kanisani.

Ni kanisa la Wakongomani wenzetu, juu kidogo ya reli, ibada ilikuwa imekwisha. Yaya alikuwa amekaa kwenye kibaraza, amevaa kitenge chake kizuri cha Jumapili, magodoro nyuma yake, sufuria ndani ya sufuria, na mabati yamepangwa ukutani moja juu ya lingine. Misumari aliiweka kwenye kopo la maziwa. Aliponiona nakuja na fulana ya namba, matope hadi mapajani, ramani mkononi, hakushtuka. Alisema, "Umekula?"

Nilimfokea. Ningetakiwa kumkumbatia, wote huniambia hivyo, lakini hasira ndiyo iliyofika kwanza. Nilimwambia ule ulikuwa mchezo. Kitambaa cha mchezo, yaya, ule mchezo wangu unaoucheka kila siku. Hakuna tingatinga. Hakuna serikali. Nyumba zote ziko palepale, ni yako tu haipo, umeibomoa wewe kwa mikono yako, na kiwanja kimeshachukuliwa na mtu wa mkaa. Kwa nini hukuuliza? Mtaa mzima una midomo. Kwa nini hukumuuliza hata mtu mmoja?

Aliniacha nimalize. Aliangalia ile ramani mkononi mwangu, ilikuwa imelowa jasho.

"Nilikuuliza wewe," akasema.

Niliikunja ile ramani, nikaiweka sakafuni.

"Nilikuuliza, ukasema unajua. Ukasema Jumapili watu wengi watakuja. Ukasema wakubwa wamekukataza kukanyaga." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anaeleza bei ya samaki. "Alhamisi nikakupigia tena. Nikawa nasema moyoni, kama ni uongo, mdogo wangu atakuja. Hata kwa miguu atakuja. Siku nzima niliangalia njia ya barabarani. Jioni nikapanda juu."

Nilitaka kumwambia habari ya sheria. Mdomo niliufungua kabisa. Sheria mbili nzuri, yaya, ni mwiko mkimbiaji kuambiwa. Nikaona jinsi yatakavyosikika maneno hayo pale kibarazani, mbele ya mabati yale, nikaufunga.

Tulikuwa tumekaa hivyo, mimi sakafuni, yeye juu ya godoro, tulipomsikia mtu anakuja mbio. Alikuwa mwalimu wa jiografia, na nyuma yake watu wengine watatu wa klabu, mmoja amebeba sanduku la dawa, mwingine chupa za maji. Walikuwa wamelowa jasho. Aliponiona alishika magoti yake, akapumua, akasema asante Mungu. Kisha akamgeukia yaya kwa heshima, kwa Kiswahili chake cha shuleni, akijieleza kwa nini wameingia kanisani namna ile.

"Samahani sana, mama. Tulikuwa tunamtafuta huyu. Wote wamerudi isipokuwa yeye. Kwetu sisi mtu asiporudi hatuondoki, tunagawana njia mpaka apatikane. Saa nzima hatujui yuko wapi, tukaogopa kweli."

Yaya alimwangalia, akawaangalia na wale wenzake, sanduku la dawa, chupa za maji. Halafu akaniangalia mimi.

"Saa nzima," akasema.